Kushona Nguo za Baridi Kali (2): Hewa Iliyokatiwa Vyumba

Koti la kwanza la vinyoya nililoshona lilirudi kutoka mlimani likiwa zima. Zipu ilifunga, pindo halikufumuka, rangi ilikuwa ileile. Aliyelivaa ni mpagazi, kijana wa jirani yangu, na alikuwa amelala nalo siku mbili katika kambi ya Barafu, Kilimanjaro, zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari. Alinishukuru kwanza, kama adabu inavyotaka. Kisha akapitisha kidole mgongoni mwa koti, juu ya mshono, kutoka bega hadi bega, akasema: "Mwalimu, baridi ilikuwa inaniingia kwa mistari."

Sikuwa na jibu siku ile. Leo ninalo, na makala hii yote ni jibu hilo.

Wiki iliyopita tuliona njia ambazo joto huutoka mwili wa mtu: kwa kugusana na kitu baridi, kwa upepo, kwa jasho linalokauka na kwa mnururisho. Tulikubaliana pia kwamba nguo haitoi joto. Ukiliacha koti la vinyoya juu ya meza usiku kucha, asubuhi utalikuta na ubaridi uleule wa meza. Joto ni la mwili wako mwenyewe, na kazi ya koti ni kulizuia lisiondoke. Kinacholizuia hasa ni hewa iliyotulia, kwa maana hewa isiyosogea hupitisha joto kwa shida sana. Tatizo la hewa ni kwamba haikubali kutulia yenyewe. Lazima ishikwe.

Hapo ndipo vinyoya vinapoingia. Sisemi manyoya yenye uti, yale ya bawa na mkia. Nasema vile vilivyojificha chini yake kifuani mwa bata na bata bukini. Kinyoya cha namna hii hakina uti. Kina kiini kidogo mno, na kutoka kwenye kiini hicho nyuzi laini zimechanua pande zote, laini kama malaika ya mtoto mchanga. Nyuzi za kinyoya kimoja hukwama katika za mwenzake, na baina yao hewa hunaswa isijue pa kwenda. Aliyewahi kufungua mto wa sufi atadhani anakijua kitu hiki, na kwa kiasi fulani anakijua: sufi nayo ni nyepesi na hushika hewa. Lakini sufi ukiilalia mwaka mmoja hugandamana. Vinyoya vizuri ukivibana ngumini na kuviachia huinuka tena, na vitafanya hivyo kwa miaka mingi. Tunachonunua katika vinyoya ni huko kuinuka.

Kuinuka huko hupimwa. Watengenezaji wa Marekani husema wakia moja ya vinyoya hivi inajaza inchi za ujazo 600, au 700, au 800, na hivyo vya juu ndivyo ghali. Namba hizo ndizo unazoziona ndani ya kola ya koti la mtumba. Fundi asiye na maabara anaweza kufanya kipimo chake mwenyewe. Chukua ndoo yenye pande zilizosimama wima, uweke gramu 30 za vinyoya vikavu, uvipeperushe kwa mkono mpaka vitulie, kisha uvifunike kwa kipande chepesi cha boksi. Vikifika kwenye alama ya lita 10, kila gramu inashika sentimita za ujazo 333. Zidisha kwa 1.73 upate kipimo cha Kimarekani: karibu 575. Ni vinyoya vya wastani, na vinatosha kabisa kwa kazi yetu.

Vinapatikana wapi? Dukani kwetu sijaona vikiuzwa kwa kilo. Mimi huvitoa kwenye makoti chakavu na mifarishi mizito ya Ulaya inayoshuka na mitumba, pale soko la Memorial mjini Moshi. Koti lililochanika kitambaa huwa halina mnunuzi, na ndani yake kuna mali. Soma lebo kwanza: 90/10 maana yake asilimia 90 ni vinyoya na 10 ni manyoya yenye uti. Kama lebo haipo, bonyeza koti kwa vidole. Ukichomwa na vijiti vingi, liache. Vinyoya vya zamani uvifue ndani ya foronya iliyoshonwa mdomo, kwa sabuni kidogo, uvisuuze mpaka maji yatoke meupe, kisha uvianike juani siku kadhaa huku ukiichambuachambua foronya kwa mkono kila baada ya saa chache. Usipofanya haraka hapo hutajuta. Kinyoya chenye unyevu katikati huoza, na harufu yake haitoki tena.

Sasa turudi kwenye mistari ya yule kijana.

Nilikuwa nimeshona kama anavyoshona mtu mfarishi: bitana chini, kitambaa juu, halafu mshono unaopitiliza vyote viwili ili vinyoya visiteremke na kujikusanya kiunoni. Si kosa la kijinga. Ndivyo alivyoshona Eddie Bauer, mwenye duka la vifaa vya michezo kule Seattle, alipotoa jaketi lake la Skyliner mwaka 1936 baada ya kuponea chupuchupu kufa kwa baridi katika safari ya uvuvi. Makoti mengi mepesi hushonwa hivyo mpaka leo. Lakini fikiri mshono huo unafanya nini. Pale sindano inapopita, kitambaa cha juu kinagusana na bitana. Unene ni sifuri. Hakuna kinyoya, kwa hiyo hakuna hewa, na kati ya mgongo wa mtu na usiku wa Barafu kumebaki matambara mawili membamba. Koti lenye mishono kumi ya namna hiyo lina mifereji kumi ya baridi. Kijana alihisi kile hasa nilichomshonea.

Dawa yake ni kuta. Badala ya kuunganisha bitana na kitambaa cha juu moja kwa moja, unashona ukanda baina yao, uliosimama kama ukuta baina ya vyumba viwili, upande mmoja kwenye bitana na upande wa pili kwenye kitambaa cha nje. Ukanda wenye upana wa sentimita 5, ukiacha sentimita moja ya mshono kila upande, unakupa ukuta wa sentimita 3. Vinyoya vinajaa chumba chote, na hata penye mshono unene upo. Ukuta huo usiwe mzito. Kitu kinachofaa kuliko vyote ni kitambaa cha chandarua: chepesi, hakinyooki hovyo, na matundu yake ni madogo kiasi cha kuvizuia vinyoya visihame. Mafundi wa nyumbani huko Marekani na Ulaya nao hutumia wavu wa kuzuia wadudu kwa kazi hii. Nunua wavu mpya kwa mita, usiotiwa dawa. Chandarua cha malaria kibaki juu ya kitanda cha mtoto, tafadhali sana.

Kuta zinaleta hesabu ambayo fundi wa suti hajaizoea. Koti lenye unene wa sentimita 3 ni duara ndani ya duara. Mzunguko wa nje lazima uzidi wa ndani kwa mara 6.28 ya unene huo, yaani sentimita 19 hivi. Ukikata bitana na kitambaa cha nje kwa kipimo kimoja, mvaaji akiinua mkono au akijaza kifua pumzi, kitambaa cha nje kinakazika na kuvibana vinyoya, na unene ulioulipia unapotea. Kwa hiyo pima kifua kwa futi, kata bitana kwa kipimo cha kawaida cha koti, kisha ongeza tofauti hiyo nje na uigawe kwenye mbele, mgongo na ubavu.

Kitambaa chenyewe ni nailoni nyembamba iliyofumwa kwa kubanana. Weka mdomo juu yake upulize: pumzi ikipita kwa urahisi, kinyoya nacho kitapita. George Finch, mwanakemia mzaliwa wa Australia, alilitambua hilo mapema. Kwa safari ya Everest ya mwaka 1922 alijiundia koti la vinyoya lenye kitambaa cha maputo ya kurukia. Baadhi ya wenzake, waliozoea sufu na suti za twidi, waliliona la kuchekesha. Mwaka huohuo yeye na Geoffrey Bruce walipanda mpaka kimo ambacho binadamu hakuwa amekifikia kabla, zaidi ya mita 8,300.

Sindano iwe namba 70 au ndogo zaidi, uzi wa poliesta, na hatua ya mshono karibu milimita 3. Hatua fupi hutoboa kitambaa kama stempu na kila tundu ni mlango. Kwa sababu hiyohiyo usitumie pini katikati ya kitambaa. Tumia vibanio pembezoni.

Halafu kujaza, kazi inayowatisha watu. Vinyoya havimwagiki kama mchele, vinaruka. Mimi huning'iniza chandarua kikubwa juu ya meza, naingia ndani na mizani, nazima feni na kufunga madirisha, na nanyunyiza maji kidogo hewani ili visinishike mikononi kwa umeme tuli. Pima kila chumba peke yake. Chumba cha urefu wa sentimita 50, upana 12 na kina 3 kina sentimita za ujazo 1,800. Gawa kwa 333 za ndoo yetu: gramu 5.4. Ongeza robo, kwa kuwa jasho na matumizi huvipunguza nguvu, upate karibu gramu 7. Mizani ya jikoni haitoshi kwa kazi hii, azima ya sonara. Vishindilie kwa mti laini kupitia kipande cha bomba la plastiki la inchi mbili, vuta bomba taratibu, ubane mdomo wa chumba kwa vibanio, uende chumba kinachofuata. Kampuni ya Frostline ya Colorado, iliyoanzishwa mwaka 1966 kuuza makoti yaliyokatwa tayari ili mnunuzi ajishonee, iliwaondolea wateja shida hii kwa kuwapa vinyoya vilivyokwisha kupimwa katika vifuko. Wazo hilo nimelichukua: siku moja napima na kufunga vifuko, siku nyingine najaza.

Koti zima lenye kofia humeza gramu 200 hadi 300 za vinyoya. Nalisisitiza hilo kwa sababu ya wapagazi. Mtu anayepanda na mzigo wa kampuni unaofika kilo 20 hawezi kuongezewa blanketi mbili. Mjini Moshi, Kilimanjaro Porters Assistance Project huwaazima nguo za baridi bila malipo, na ni jambo jema sana. Lakini mji wenye mafundi cherehani wengi kiasi hiki, chini ya mlima huu, ungepaswa kuwa unawashonea wenyewe.

Umwambie anayelivaa kwamba adui wa vinyoya ni maji. Vikilowa hulala, na hewa yote hutoka. Msituni kwenye mvua koti likae ndani ya mfuko wa plastiki katikati ya begi. Asilivae akipanda na mzigo, maana jasho ni maji pia. Ni la kambini, na la usiku ule wa kwenda kilele cha Uhuru pale watu wanaposimama kusubiriana.

Kabla ya kulikabidhi, lisimamishe dirishani jua likiwa nyuma yake. Chumba kilichojaa kitaonekana cheusi sawasawa, na palipo pungufu mwanga utapenya. Zungushia alama ya chaki, fumua sentimita 4 za mshono wa pembeni, ongeza gramu moja, funga, ulirudishe dirishani. Koti la pili la yule kijana lilirudi dirishani mara sita.