Kigari cha Gofu Barabarani, Sehemu ya Tatu: Uchaguzi wa Matairi

Kigari cha gofu hutoka kiwandani kikiwa na matairi ya nyasi. Tairi la kawaida la vigari vya Marekani limeandikwa ubavuni 18x8.50-8, yaani kimo chake likijazwa upepo ni inchi 18, upana inchi nane na nusu, na ringi yake ina kipenyo cha inchi 8. Ni tairi pana na laini, na upepo wake ni mdogo, aghalabu PSI 18 hadi 22, ilhali tairi la gari dogo la abiria hupewa 30 na zaidi. Yote hayo yamefanywa kwa ajili ya uwanja. Uzito ukitandazwa juu ya eneo kubwa, na mikato ya tairi ikiwa mifupi, kigari hupita juu ya nyasi zilizopunguzwa bila kuzichimba.

Hata hivyo, vigari vingi siku hizi havioni nyasi kabisa. Mji wa Peachtree City, kusini mwa Atlanta katika jimbo la Georgia, una njia za vigari ambazo jumla ya urefu wake inakaribia kilomita 160, na wakazi huzitumia kwenda dukani, kanisani na hata shuleni. Huko The Villages, makazi makubwa ya wastaafu katikati ya Florida, hali ni hiyo hiyo. Sheria ya Florida inataka kigari kinachoingia barabara za umma zilizoruhusiwa kiwe na breki zinazofanya kazi vizuri, usukani wa kutegemewa, kioo cha kutazama nyuma, viakisi vyekundu mbele na nyuma, na matairi salama. Matairi salama ni yapi? Sheria imeishia kwenye maneno hayo mawili, na mzigo wa kuamua umebaki kwa mwenye kigari na fundi wake.

Tairi la nyasi likitembezwa kwenye lami halipasuki siku ya kwanza. Huharibika polepole. Kwa kuwa upepo ni mdogo, ubavu hujikunja na kujikunjua kila gurudumu linapozunguka, na mkunjo huo huzaa joto. Kingo za tairi hulika kabla ya katikati, usukani huwa mzito, na betri huisha mapema kwa sababu sehemu ya nguvu yake inapotelea kwenye mpira unaojikunja. Mwenye kigari hulaumu betri, hununua nyingine, na tatizo hubaki pale pale.

Dawa huanza kwa kusoma ubavu wa tairi kabla ya kutazama bei. Herufi DOT ni tamko la mtengenezaji kwamba tairi limetimiza viwango vya Wizara ya Uchukuzi ya Marekani. Hazina maana kwamba serikali imelipima tairi hilo, kama wauzaji wengine wanavyodai, lakini mtengenezaji aliyezipiga muhuri amejifunga kisheria. Herufi NHS zina maana iliyo kinyume: tairi halikukusudiwa barabara kuu, na matairi mengi ya nyasi yanazo. Mwishoni mwa mfuatano wa DOT huwa kuna tarakimu nne za tarehe. Tairi lenye 3521 lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2021. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo, kwa hiyo tairi lililokaa dukani miaka sita si jipya, hata kama vinyweleo vyake vya kiwandani bado vimesimama.

Kisha kuna uwezo wa kubeba mzigo, jambo ambalo wanunuzi wengi hulipita. Betri moja ya risasi ya volti 6 ina uzito wa kilo 28 hivi, na betri sita zinakaribia kilo 170, zote zikiwa chini ya kiti, karibu na ekseli ya nyuma. Kigari kizima pamoja na betri hufika kilo 400 hadi 450. Wakipanda watu wanne wa kilo 75 kila mmoja, jumla inakuwa kama kilo 750. Ikiwa asilimia 60 ya uzito huo imelala nyuma, kila tairi la nyuma linabeba kilo 225, yaani karibu pauni 500. Kiwango kilichopigwa muhuri kwenye tairi, ambacho kwa bidhaa za Marekani huandikwa kwa pauni, hakina budi kuizidi hesabu hiyo kwa kiasi cha kutosha, maana shimo la barabarani huongeza mzigo ghafla. Kwa kigari cha watu wawili au wanne, tairi la ply 4 huwa linatosha. Kigari kirefu cha watu sita kinastahili ply 6. Ieleweke kwamba tarakimu ya ply ni daraja la nguvu, wala si hesabu ya tabaka zilizomo ndani.

Hapo ndipo swali la saizi linapokuja, na ndipo makosa ya gharama hufanyika. Wauzaji hupenda ringi kubwa kwa sababu ya sura. Lakini ringi kubwa si lazima iwe tairi kubwa. Katika maandishi 205/50-10, upana ni milimita 205, kimo cha ubavu ni nusu ya upana huo, na ringi ni ya inchi 10. Ukipiga hesabu, kimo cha tairi zima ni milimita 459. Tairi la kiwandani la inchi 18 lina milimita 457. Tofauti hiyo haionekani kwa macho wala haihisiki kwenye usukani. Tairi la 215/35-12 nalo linaangukia milimita 455. Mnunuzi anaweza basi kuhama kutoka ringi ya 8 kwenda ya 10 au ya 12 bila kubadili mwendo wala kimo cha kigari.

Mambo ni mengine kwa tairi la 23x10.50-12, ambalo kimo chake ni milimita 584. Kwanza halienei bila kuinua bodi kwa vyuma maalumu. Pili, kigari huongeza mwendo kwa asilimia 28 hata kama mota haikuguswa, kwa kuwa kila mzunguko wa gurudumu unafunika njia ndefu zaidi. Kilichokuwa kikienda kilomita 30 kwa saa sasa kinakwenda 38. Kwa kanuni ya serikali kuu ya Marekani ya mwaka 1998, chombo cha magurudumu manne chenye uwezo wa kuzidi kilomita 32 kwa saa bila kuzidi 40 huingia kundi la magari ya mwendo mdogo, ambayo hutakiwa kuwa na mikanda ya usalama, taa za mbele, taa za breki na za ishara, kioo cha mbele na namba ya utambulisho. Kwa kubadili matairi tu, mtu anaweza kujikuta anaendesha chombo cha aina nyingine mbele ya sheria. Mota nayo hupoteza nguvu ya kupanda mlima, na breki hulazimika kuzuia gurudumu refu kuliko lile zilizoundiwa.

Breki zenyewe zinastahili kukumbukwa wakati wa kuchagua mikato. Vigari vingi vya gofu vina breki za ngoma kwenye magurudumu ya nyuma peke yake, kwa hiyo matairi mawili ya nyuma ndiyo yanayokisimamisha chombo chote. Kuyaacha yawe vipara kwa kuwa ya mbele bado mazima ni hatari tupu. Mikato inayofaa lami ni ile iliyobanana, yenye mifereji ya kuzunguka tairi ili maji yapate pa kutokea. Matairi ya kashata kubwa hushika matope vizuri, lakini kwenye lami sehemu inayogusa barabara ni ndogo, kelele ni nyingi, na kashata hulika haraka. Ama hofu ya tairi kuelea juu ya maji, hiyo imekuzwa mno. Kwa kanuni iliyotokana na majaribio ya NASA, tairi la PSI 20 huanza kuelea karibu na kilomita 74 kwa saa, mwendo ambao kigari hakiufikii.

Matairi mengi ya vigari yana nyuzi zilizopishana mshazari. Yale ya radial, yanayotambulika kwa herufi R kama katika 205/50R10, ni ghali zaidi, ila hutulia vizuri barabarani na kuitafuna betri kidogo. Kwa anayesafiri kila siku, nyongeza hiyo ya bei inarudi.

Ringi za Club Car, E-Z-GO na Yamaha zina matundu manne kwenye duara la inchi 4, hivyo nyingi huingiliana. Nati ndizo huweza kutofautiana, na haifai kulazimisha. Ringi inayolisukuma gurudumu nje kupita kiasi huchosha beringi na mikono ya usukani.

Katika Afrika Mashariki, ambako vigari hivi huonekana kwenye viwanja vya gofu na hoteli za pwani, kuna kishawishi cha tairi la bajaji, 4.00-8, kwa kuwa nalo ni la ringi ya 8. Kipenyo kinalingana, upana haulingani. Ringi ya kigari cha gofu ina upana wa inchi 7 na tairi la bajaji limeundiwa ringi nyembamba isiyofika hata nusu ya upana huo, kwa hiyo kingo zake haziwezi kukaa sawasawa. La toroli lenye saizi hiyo hiyo lisifikiriwe kabisa.

Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kiwango cha mtengenezaji, bila kuzidi kile kilichoandikwa ubavuni. Nati zikazwe tena baada ya kilomita 80 za kwanza. Kwa kigari cha watu wanne kinachotumia lami zaidi na kugusa nyasi mara moja moja, tairi la 205/50-10 lenye alama ya DOT, ply 4 na mikato iliyobanana linatosha, na kinachozidi hapo kwa kawaida ni pambo.