Karonga: Mji wa Ziwani Unaotukumbusha Heshima ya Mtu Huru

Dini yetu imetuhimiza kutembea katika ardhi na kuzingatia mwisho wa waliotutangulia. Safari ya namna hiyo haihitaji ndege wala fedha nyingi. Sisi tuliokaa Tunduma tuliipata katika mji wa Karonga, kaskazini mwa Malawi, ukingoni mwa ziwa tunaloliita Nyasa na wenzetu wanaliita Malawi.

Kabla ya kuondoka, tuliwaeleza watoto kwa nini mpaka umepita hapa kwetu. Mnamo Julai 1, 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana ardhi hizi. Upande wa ziwani walichagua mdomo wa Mto Songwe. Kuja huku juu, mstari ulipitishwa kaskazini ya njia iliyoitwa Barabara ya Stevenson, iliyokusudiwa kuunganisha Karonga na Ziwa Tanganyika, ili njia hiyo ibaki mikononi mwa Waingereza. Hivyo ndivyo Tunduma ilivyoangukia upande mmoja na Nakonde upande wa pili, bila ya mwenyeji yeyote kuulizwa.

Mkazi wa Tunduma hujifunza mapema kuwa mipaka ni ya watu na jua ni la Mola. Ukivuka kwenda Zambia au Malawi, saa inarudi nyuma saa moja. Adhuhuri ikiingia karibu saa saba kwa saa ya Tunduma, saa ya ukutani Nakonde inasema karibu saa sita, na wote wawili wanaswali kwa kivuli kile kile. Kwa hiyo msafiri asitegemee mshale wa saa aliyotoka nayo nyumbani, bali aulize wakati wa swala.

Tulikuwa familia tatu. Tulitoka alfajiri, tukashika njia ya Mpemba hadi Isongole wilayani Ileje, tukakamilisha taratibu za uhamiaji na kubadili shilingi kwa kwacha, kisha tukapita Chitipa. Kutoka pale barabara inateremka milima kuelekea Bonde la Ufa. Baridi ya asubuhi ikatuacha, makoti yakavuliwa, na ghafla maji yakaonekana chini, mapana hadi macho yasione ng'ambo. Kina mama wakaleta tasbihi. Kwa kuwa mwendo wetu ulizidi kilomita 150, tuliqasiri swala na kuzikusanya, kama sheria ilivyomruhusu msafiri.

Karonga ni mji wa joto, wenye soko, mitumbwi ya wavuvi na dagaa walioanikwa juani. Watoto walikimbilia majini, nasi tukawaita baada ya saa moja ili twende katika makumbusho ya mji huo, yaliyofunguliwa mwaka 2004. Maonesho yake yanaanzia katika zama za dinosaria, ambaye mifupa yake ilichimbuliwa katika wilaya hiyo, na kuishia katika demokrasia ya leo. Tulipofika katika habari za biashara ya watumwa, mtoto mmoja wa miaka kumi aliuliza: "Baba, huyu Mlozi alikuwa Muislamu kama sisi?"

Wazazi tulitazamana. Tungeweza kumvuta mkono na kumwonesha mifupa ya dinosaria. Tuliona kuwa kunyamaza kungekuwa ni kusema uongo, basi tukaketi naye nje kivulini na kumsimulia.

Mlozi bin Kazbadema alikuwa mfanyabiashara Mswahili aliyejenga ngome karibu na Karonga katika miaka ya 1880, akinunua pembe za ndovu na kukamata watu. Mnamo Oktoba 1887 wapiganaji wake waliwashambulia Wangonde waliokimbilia katika matete ya Kambwe, kando ya ziwa. Matete yalichomwa moto, wengi wakauawa, na wengine wakatiwa utumwani. Vita vikaendelea kati yake na kampuni ya Kiskoti ya African Lakes, ambayo nayo ilikuwa na maslahi yake katika pembe. Kapteni Frederick Lugard alijeruhiwa alipoishambulia ngome mwaka 1888. Harry Johnston akafanya mapatano ya amani mwaka 1889, na mnamo Desemba 1895 akarudi na mizinga, ngome ikaanguka, mamia ya mateka wakaachiwa huru, na Mlozi akahukumiwa na kunyongwa.

Hapa, ndugu zetu, pana mitego miwili. Wapo wanaosema kuwa habari zote hizi ni uzushi wa wakoloni uliotungwa kuuchafua Uislamu. Ni kweli kwamba wakoloni walizitumia habari hizi kuhalalisha kuitwaa nchi, na baada ya mtumwa kuachiwa huru, ardhi yake ikawekewa kodi na bendera ya kigeni. Lakini waliouawa Kambwe waliuawa kweli. Na wapo wanaosema kuwa hiyo ndiyo dini yenyewe ya Kiislamu. Hao nao hawakusema haki.

Dini yetu imefanya kumwacha huru mtumwa kuwa ibada na kafara ya makosa, na imetenga fungu la zaka kwa ajili ya kukomboa shingo. Na imepokewa katika hadithi sahihi kwamba miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, yumo aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Mtu akiwa na Mola kuwa mshitaki wake, jina zuri la Kiislamu litamsaidia nini? Tulimwambia mtoto yule: ndiyo, alikuwa na jina kama letu, na alitenda dhuluma. Hatumtetei kwa sababu ya jina, wala hatuiachi dini kwa sababu yake.

Yasomwe haya kama mambo ya leo pia, kwani biashara ya watu haijatoweka. Mwezi Juni 2012 zaidi ya wahamiaji arobaini kutoka Ethiopia walikutwa wamekufa mkoani Dodoma, baada ya kusafirishwa ndani ya lori. Mwezi Oktoba 2022 kaburi lenye miili 25, inayoaminika kuwa ya Waethiopia, lilifukuliwa katika msitu wilayani Mzimba, kaskazini mwa Malawi. Vijana hao huelekea Afrika Kusini kutafuta riziki, na Tunduma na Karonga zimo katika njia yao. Sisi wa mpakani tunajua maneno yanayonong'onwa: nyumba ya kuwalaza usiku mmoja, tela la kuwaficha, dereva wa kulipwa mara mbili. Anayepokea fedha hizo na kuwalisha wanawe ajiulize anakula thamani ya nani. Na anayemkuta msafiri wa namna hiyo ana kiu na njaa, ampe maji na chakula, na awajulishe wenye mamlaka kabla roho haijapotea.

Tulirejea kwa njia ya Kasumulu, tukavuka daraja la Mto Songwe jua likielekea magharibi. Mto huu hufurika na kuhamisha mkondo wake, na shamba la mpunga lililolala upande mmoja likaamkia upande wa pili. Wanyakyusa wa huku na Wangonde wa kule wanasikilizana lugha, wanaoana na kuzikana, mto upende usipende. Jina la nchi laweza kubadilika kwa mafuriko ya usiku mmoja, lakini haki ya jirani haibadiliki.

Wazazi, wapelekeni watoto wenu wakaogelee na wakaulize maswali, na wakiuliza, wajibuni kwa ukweli. Wallahu a'lam.