Mtoto Aliyepasuliwa Moyo, Mbona Hatembei?

Huku kwetu Mponde mtoto hupimwa kwa miguu yake. Akitimiza mwaka hajasimama dede, majirani huanza kuuliza. Akipita mwaka na nusu hajaenda tata, husemwa ati mama yake amemzoeza mbeleko mno huko kwenye chai. Binti mdogo wa shangazi yangu alipasuliwa moyo Dar es Salaam akiwa na miezi mitano. Tangu arudi, swali ni moja tu: kama moyo umepona, mbona hatembei? Nimemwuliza mwalimu wetu wa Biolojia, nimemwuliza muuguzi, na nimesoma kadiri nilivyoweza. Haya ndiyo niliyopata.

Kwanza, jambo hili si la nyumba moja. Katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa duniani, 8 hadi 10 hivi huwa na kasoro ya moyo. Baadhi yao wana tundu dogo linalojiziba lenyewe. Wengine hawawezi kuishi ila kwa kisu cha daktari. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008; kabla ya hapo wagonjwa wetu walikuwa wakipelekwa India. Tangu 2015 kazi hiyo iko chini ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, palepale Muhimbili.

Sasa tuje kwenye miguu. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa vipimo vya watoto wenye afya njema wa nchi tano, zikiwamo Ghana na Oman. Kuna waliotembea peke yao wakiwa na miezi 8, na kuna waliofika karibu miezi 18. Basi hata kwa mtoto mzima muda ni mrefu kuliko majirani wanavyodhani. Kwa aliyepasuliwa moyo akiwa mchanga, kuchelewa ni jambo la kawaida zaidi, na katika mwaka wa kwanza viungo aghalabu huchelewa kuliko akili. Mtoto atakutambua na kukucheka, lakini kuketi hawezi.

Sababu ya kwanza huanza tumboni mwa mama. Moyo wenye kasoro kubwa huenda usipeleke kwenye ubongo damu yenye oksijeni ya kutosha. Madaktari waliopiga picha za ubongo wa watoto kama hao waliozaliwa kwa miezi iliyotimia, waliona ubongo unafanana na wa mtoto aliyezaliwa mwezi mmoja kabla ya wakati. Jambo hili lilinishangaza kuliko yote, maana laonyesha kwamba kuchelewa kwaweza kuanza kabla kisu hakijamgusa mtoto. Akishazaliwa, kunyonya kwenyewe ni kazi ngumu kama kupanda mlima na mzigo wa majani ya chai: anahema, anatoka jasho, anaacha titi kabla hajashiba. Chakula kidogo anachopata huishia katika kupumua, na misuli hubaki dhaifu.

Kisha kuna upasuaji wenyewe. Mwaka 1953 Daktari John Gibbon wa Marekani alifanikiwa kutumia mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu daktari anaposhona. Mashine hiyo imeokoa watu wengi, lakini ubongo wa mtoto ni mwororo. Huko Boston walilinganisha watoto wachanga ambao mishipa yao miwili mikubwa ya moyo ilikuwa imebadilishana mahali. Wote walipozwa mwili. Kundi moja damu ilisimamishwa kabisa kwa muda, kundi la pili mashine iliendelea kuisukuma polepole. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba, walipofikia mwaka mmoja, wale waliosimamishiwa damu walikuwa nyuma katika matumizi ya viungo.

Sababu ya mwisho iko nyumbani, nayo ndiyo tunayoiweza. Mfupa wa kifua uliokatwa huchukua wiki 6 hivi kuunga. Katika muda huo mtoto hainuliwi kwa makwapa wala kuvutwa mikono. Mkono mmoja hupita chini ya shingo na kichwa, wa pili chini ya makalio. Mbeleko nayo hungoja ruhusa ya daktari, kwa sababu hubana kifua. Shida ni kwamba wiki zikiisha hofu haiishi. Bibi yetu alimlaza mtoto chali juu ya mto miezi mitatu, kwa mapenzi tu, na sisi sote tukapita kwa kunyata. Lakini shingo haikazi kwa kulala chali. Daktari akishakubali, mtoto alazwe kifudifudi juu ya mkeka akiwa macho, dakika chache chache mara nyingi kwa siku, mtu akikaa karibu. Aketishwe akiegemezwa, na kitu cha kuchezea kiwekwe mbali kidogo ili akifuate.

Safari ya kutoka milimani kushuka Mombo hadi Dar es Salaam ni ndefu na nauli ni nzito, lakini tarehe ya kurudi kliniki isirukwe, na mama aombe viungo vipimwe pia, si moyo peke yake. Midomo ikigeuka bluu, au mtoto akianza tena kuhema na kutoka jasho anyonyapo, tarehe haingojwi; apelekwe hospitali iliyo karibu siku hiyohiyo.