Kwa Nini Mpaka wa Jimbo Huhama?

Siku moja, katika darasa la kisomo huko Marangu, bibi mmoja aliinua mkono. Akasema hivi:

"Mwalimu, mimi nakaa katika kihamba kile kile tangu nilipoolewa. Migomba ni ile ile na mfereji ni ule ule. Lakini mwaka 1990 nilipiga kura katika jimbo la Moshi Vijijini. Mwaka 1995 nikaambiwa niko jimbo la Vunjo. Je, ni nani aliyehama?"

Darasa zima lilicheka. Lakini swali lile lilikuwa zuri, na ndilo lililonifanya niandike somo hili. Bibi hakuhama. Mpaka ndio uliohama.

Jambo hilo hata viongozi wamelipata. Marehemu Augustine Mrema alikuwa mtu wa Kiraracha, upande wa Vunjo. Kabla ya mwaka 1995 alikuwa mbunge wa Moshi Vijijini. Mwaka 2010 watu wa nyumbani kwake walimchagua tena, na safari hii aliitwa mbunge wa Vunjo. Kiraracha haikusogea hata hatua moja.

Jimbo la uchaguzi ni eneo ambalo watu wake huchagua mbunge mmoja. Mpaka wake si ukuta wala ua. Unaweza kuuvuka asubuhi ukienda sokoni, ukauvuka tena jioni ukirudi, wala usijue. Mpaka huo umeandikwa katika karatasi za serikali. Kwa hiyo, anayejua kusoma ndiye anayeweza kuuona.

MIPAKA YA WAZEE

Wazee wetu walikuwa na mipaka yao. Mlima wetu una makorongo mengi. Yanaanza juu msituni na kushuka mpaka tambarare. Kila mangi alitawala eneo lake kati ya korongo na korongo. Mto Weruweru, kwa mfano, ulitenga Machame na Kibosho. Mpaka wa namna hiyo hata mtoto mchunga mbuzi aliujua.

Mwaka 1946 Waingereza waliziweka nchi za wamangi katika sehemu tatu: Hai, Vunjo na Rombo. Angalieni majina hayo. Yote matatu leo ni majina ya majimbo ya uchaguzi. Wamangi waliondolewa madarakani, lakini majina ya sehemu zao yamebaki.

Neno "jimbo" lenyewe limebadilika maana. Zamani za Waingereza, jimbo lilikuwa eneo kubwa sana, kubwa kuliko mkoa wa leo. Sisi wa mlimani tulikuwa katika Jimbo la Kaskazini, na makao yake makuu yalikuwa Arusha. Tulikuwa pamoja na Wameru, Waarusha, Wamasai na watu wa Mbulu. Ndugu zetu Wapare hawakuwa pamoja nasi. Wao walikuwa Jimbo la Tanga. Mwaka 1963 majimbo hayo yaligawanywa kuwa mikoa. Ndipo ulipozaliwa Mkoa wa Kilimanjaro, na Upare ukaingia humo.

Mwezi wa Septemba 1958, Jimbo zima la Kaskazini lilikuwa eneo moja la uchaguzi. Ulikuwa uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Ukichagua mmoja tu, kura yako imeharibika. Watu waliita uchaguzi huo "kura tatu". Mmoja wa waliochaguliwa katika jimbo letu alikuwa Bibi Sophia Mustafa wa Arusha.

Lakini nani aliruhusiwa kupiga kura? Si kila mtu. Ilikupasa uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au uwe umesoma mpaka darasa la nane, au uwe na cheo fulani. Mkulima wa kawaida alibaki nje akitazama. Mwaka 1960 masharti yalilegezwa. Aliyejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza aliweza kuandikishwa, hata kama hakuwa na fedha. Nilipolieleza hilo darasani, mzee mmoja aliifunga daftari yake, akaitazama, kisha akaifungua tena.

Sharti hilo lilikuja kuondolewa. Mwaka 1965 watu wazima wote walichagua wabunge, wanaojua kusoma na wasiojua. Kwa ajili ya wasiojua, kila mgombea alipewa alama yake. Mmoja alipewa jembe, mwingine nyumba.

HESABU HUPANDA NA KUSHUKA

Watu wengi hufikiri kwamba majimbo huongezeka tu. Sivyo. Mwaka 1960 Tanganyika ilikuwa na majimbo 50. Mwaka 1965 yalikuwa 107, na mwaka 1970 yakawa 120. Lakini mwaka 1975 yalipunguzwa yakawa 96. Baada ya vyama vingi kurudi, yaliongezeka sana. Katika uchaguzi wa mwaka 1995 Tanzania nzima ilikuwa na majimbo 232. Ndio uchaguzi ule ambao bibi yetu wa Marangu alijikuta Vunjo. Katika uchaguzi wa Oktoba 2025 yalifika 272.

Mkoa wetu una majimbo tisa. Nayo ni Rombo, Vunjo, Moshi Vijijini, Moshi Mjini, Hai, Siha, Mwanga, Same Magharibi na Same Mashariki.

NANI ANAYEUSOGEZA MPAKA?

Si mbunge, wala si mkuu wa wilaya. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 75, imeipa kazi hiyo Tume ya Uchaguzi. Siku hizi inaitwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Tume huigawa nchi katika majimbo kwa kibali cha Rais. Imepewa pia wajibu wa kuichunguza mipaka hiyo angalau mara moja kila miaka kumi.

Tume hutazama idadi ya watu. Hutazama pia mawasiliano, yaani kama watu wanafikika kwa barabara na kwa simu. Tena hutazama hali ya nchi yenyewe: milima, mito, misitu. Angalieni Same. Wilaya ni moja, lakini milima ya Upare imesimama katikati. Mtu wa upande wa mashariki ana safari ndefu mpaka mjini Same. Kwa hiyo wilaya hiyo ina majimbo mawili.

Kuna masharti mengine mawili. Kata moja isikatwe ikaingia majimbo mawili. Na jimbo moja lisiingie katika halmashauri mbili. Sharti hili la pili ni zito kuliko linavyoonekana, kwa maana kila halmashauri, hata iwe ndogo namna gani, hupata angalau mbunge mmoja.

PUNJE ZA MAHINDI

Tulifanya hesabu hii darasani kwa punje za mahindi. Nanyi mwaweza kuifanya nyumbani. Punje moja ni watu 10,000. Tulitumia Sensa ya mwaka 2022.

Siha ilikuwa na watu 139,019, basi tukaweka punje 14. Mwanga 15. Moshi Mjini 22. Hai 24. Rombo ilikuwa na watu 275,314, tukaweka punje 28. Wilaya ya Moshi, yaani Vunjo na Moshi Vijijini pamoja, ilikuwa na watu 535,803. Hizo ni punje 54, tukazigawa kwa majimbo mawili. Same ilipata punje 30, nazo tukazigawa mara mbili.

Tazameni fungu la Siha na fungu la Rombo. Moja lina punje 14, jingine 28. Lakini kila fungu lina mbunge mmoja tu. Maana yake, mbunge wa Rombo anabeba watu mara mbili ya wale wa mwenzake wa Siha. Mzee mmoja alisema, "Hiyo si haki." Mama aliyeketi karibu naye akamjibu, "Kwani wewe ungekubali wilaya yako ikose mbunge?" Walibishana mpaka wakati wa somo ukaisha. Mimi sikuwakatiza, maana hata wakubwa hubishana hivyo hivyo.

Siha ina habari yake. Katika uchaguzi wa mwaka 2005 ilikuwa tayari jimbo, ingawa bado ilikuwa ndani ya Wilaya ya Hai. Wilaya ya Siha ilianzishwa mwaka 2007. Kwa hiyo mbunge alitangulia, wilaya ikafuata.

Sasa tuutazame mkoa wote. Tulikuwa watu 1,861,934. Ukigawanya kwa majimbo tisa, kila mbunge anapata watu kama 207,000. Dar es Salaam ilikuwa na watu 5,383,728, na sasa ina majimbo 12. Kila mbunge wa huko anapata watu kama 449,000. Kwa hiyo, ndugu wasomaji, anayesema Kilimanjaro imepunjwa wabunge hajaweka punje zake mezani. Kwa maoni yangu, sisi tumepata vizuri.

Mtu mwingine atauliza habari za Zanzibar. Kule kulikuwa na watu 1,889,773, karibu sawa na sisi, lakini majimbo ni 50. Hilo ni jambo la Muungano. Zanzibar iliungana na Tanganyika mwaka 1964 ikiwa nchi. Ina serikali yake na Baraza lake la Wawakilishi. Hailinganishwi na mkoa.

MWAKA 2025

Mwezi wa Februari na Machi 2025, Tume ilipokea maombi ya kugawa majimbo. Ombi halipelekwi na mtu mmoja tu. Linaanza katika baraza la madiwani, linakwenda kamati ya ushauri ya wilaya, kisha ya mkoa, ndipo lifike kwenye Tume. Kipimo kilichowekwa kilikuwa watu 600,000 kwa jimbo la mjini na watu 400,000 kwa jimbo la vijijini.

Mwezi wa Mei Tume ilitangaza majimbo mapya manane. Mawili yako Dar es Salaam: Kivule na Chamazi. Mengine yako Dodoma, Mbeya, Simiyu, Shinyanga na Geita. Kilimanjaro halikupatikana hata moja.

Hapo bibi wa Marangu alitaka hesabu. Tulichukua zile punje 54 za Wilaya ya Moshi. Tukizigawa mara mbili, kila fungu lina punje 27, yaani watu 270,000 hivi. Kipimo kilitaka 400,000. Kwa kipimo hicho, jimbo la Vunjo lisingezaliwa leo. Bibi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi tuliwahi."

WATOTO WETU WAKO WAPI?

Kati ya sensa ya mwaka 2012 na ile ya 2022, watu wa Tanzania waliongezeka sana. Pale palipokuwa na watu 100, sasa pana 137. Katika mkoa wetu, pale palipokuwa na watu 100, sasa hawafiki 114. Rombo hawafiki 106.

Si kwamba hatuzai. Vihamba vimekuwa vidogo, na vijana wamekwenda Dar es Salaam, Arusha na kwingineko. Mwezi wa Desemba wanarudi. Barabara zinajaa magari, na kila nyumba ina moshi jikoni. Mtu akiona Moshi wakati wa Krismasi, atadhani sisi ndio wengi kuliko wote nchini. Lakini sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu mahali walipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Kijana wa Rombo aliyelala Mbagala usiku ule alihesabiwa Mbagala.

Jambo hili lina uzito wa fedha pia. Tangu sheria ya mwaka 2009, kila jimbo lina Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo. Fedha zake husaidia miradi ya wananchi, kama darasa la shule au bomba la maji. Sehemu ya fedha hizo hugawanywa kwa kufuata idadi ya watu. Na kama siku moja majimbo yatapunguzwa, kama ilivyofanyika mwaka 1975, yatakayotazamwa kwanza ni yale yenye watu wachache.

Kuna mpaka mwingine unaozungumzwa sana. Ni mpaka wa mji wa Moshi. Kwa miaka mingi watu wamesema Moshi iwe jiji na eneo lake lipanuliwe. Mji ukipanuka, vijiji vya jirani huingia mjini. Na kwa kuwa jimbo haliingii halmashauri mbili, wanavijiji hao watabadilisha diwani, halmashauri na hata mbunge, huku wamelala nyumba zao zile zile. Mkisikia habari hizo katika mkutano wa kijiji, mwombeni diwani awaonyeshe ramani. Msikubali kuonyeshwa kwa kidole tu, "kuanzia hapa mpaka kule".

Mpaka mpya wa jimbo hauanzi kazi siku unapotangazwa. Mbunge aliyepo huendelea mpaka mwisho wa kipindi chake. Mpaka mpya hutumika katika uchaguzi unaofuata. Wakati daftari la wapiga kura linapoboreshwa, nendeni mkasome wenyewe: jina lako, kata yako, kituo chako.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kata yako iko jimbo gani? Ilikuwa jimbo gani mwaka 1990? Waulizeni wazee.

2. Chukueni punje 28 na punje 14. Je, ninyi mngegawa wabunge namna gani?

3. Watoto wako walilala wapi usiku wa sensa ya mwaka 2022?