Gesi Inapovuja, Usiende Kutazama

Asubuhi ya tarehe 24 Desemba 2022, lori la tangi lililobeba gesi ya kupikia lilikwama chini ya daraja mjini Boksburg, mashariki ya Johannesburg. Daraja lilikuwa la chini mno, tangi halikupita. Gesi ikaanza kuvuja, moto ukawaka, zimamoto wakaitwa. Watu nao wakasogea kuona kulikoni, baadhi wakiwa na simu mkononi wanapiga video. Kisha tangi likalipuka. Zaidi ya watu 30 walipoteza maisha, wakiwamo wahudumu wa afya wa hospitali ya Tambo Memorial iliyo jirani kabisa na daraja hilo.

Kati ya kukwama kwa lori na mlipuko palikuwa na muda. Ni katika muda huo gesi huamua nani atapona, na ndio muda ambao watu wengi hawajui wafanye nini.

Katika mitaa yetu, mtu akipiga kelele ya moto, majirani hutoka. Huyu na ndoo, yule na mchanga, vijana wanavunja mlango kumtoa mtoto. Desturi hiyo imeokoa nyumba na roho nyingi, na hakuna sababu ya kuiacha. Lakini gesi iliyoshindiliwa ndani ya chuma haiendi kwa kanuni za moto wa kuni au godoro. Panapovuja gesi, msaada mkubwa ambao jirani anaweza kutoa ni kuwaondoa watu, si kuwakusanya.

Gesi ya mitungi ya nyumbani ni mchanganyiko wa propani na butani. Ndani ya mtungi imegandamizwa hadi ikawa kimiminika, ndiyo maana ukiutikisa husikia kitu kikichezacheza. Kimiminika hicho kikitoka nje hugeuka hewa na kupanuka takribani mara 250. Tena hewa hiyo ni nzito kuliko hewa tunayovuta. Haipandi juu na kupotelea angani kama moshi. Hushuka na kutambaa sakafuni kama maji, ikiingia uvunguni mwa kitanda, chini ya mlango na kwenye mtaro, mpaka ikutane na cheche. Cheche hiyo yaweza kuwa jiko la mkaa la jirani, sigara, au swichi ya taa.

Wala haihitajiki gesi nyingi. Ikifika asilimia 2 tu ya hewa ya chumba, tayari inaweza kulipuka. Chukua chumba cha kupanga cha futi 10 kwa 10, kile ambacho familia nyingi za Nairobi na Dar es Salaam hulala na kupika humohumo. Kilo 1 ya gesi iliyovuja na kutawanyika inatosha kukifanya chumba kizima kuwa baruti. Mtungi mdogo wa kawaida, ule wa kilo 6, una mara sita ya kiasi hicho.

Hapa kuna jambo ambalo watu hulielewa vibaya. Mara nyingi tunaposikia kwamba mtungi umelipuka, mtungi wenyewe hukutwa mzima kwenye vifusi. Kilicholipuka ni chumba: gesi ilivuja kwenye mpira uliochakaa au regulata isiyokaa sawasawa, ikajaa, mtu akawasha kiberiti au taa. Mtungi kupasuka wenyewe ni jambo jingine, na ni baya zaidi. Hutokea moto unapoulamba kutoka nje. Kimiminika kilichomo huchemka, mgandamizo hupanda, na chuma cha upande wa juu, ambako hakuna kimiminika cha kukipoza, hulegea kwa joto. Vali ya usalama hujaribu kutoa pumzi, lakini moto ukiwa mkali haiwezi kushindana nao. Chuma kikipasuka, vyote vilivyomo hutoka kwa mkupuo, huwaka na kuwa mpira wa moto, na vipande vya chuma huruka mbali.

Mbali kiasi gani? Mji wa San Juan Ixhuatepec, nje kidogo ya Mexico City, ulijibu swali hilo alfajiri ya tarehe 19 Novemba 1984. Bomba lilipasuka kwenye kituo cha kuhifadhi gesi, wingu zito likatambaa chini chini hadi likakutana na moto, kisha matangi yakaanza kulipuka moja baada ya jingine. Baadhi ya vipande vikubwa vya matangi viliangukia umbali wa zaidi ya kilomita 1. Watu wapatao 500 walikufa, wengi wakiwa bado vitandani, kwa sababu nyumba zilikuwa zimejengwa hadi karibu na ukuta wa kituo.

Nairobi nayo imeshaona. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, katika mtaa wa Mradi, Embakasi, lori lililobeba gesi lililipuka na kurusha moto kila upande. Serikali ilieleza kwamba mtungi mmoja uliruka hadi kwenye ghala la nguo na kuliteketeza. Taarifa za mwanzo zilitaja watu 3 waliokufa na zaidi ya 270 waliojeruhiwa, na idadi ya vifo ikaongezeka siku zilizofuata. Kinachouma zaidi ni kwamba hatari ilikuwa imeshaonekana kwenye karatasi. Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli ilisema ilikataa mara 3 katika mwaka 2023 maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali hapo, sababu mojawapo ikiwa wingi wa watu wanaoishi eneo hilo. Maofisa 4 wa mamlaka ya mazingira walisimamishwa kazi baada ya ajali. Wakazi waliokuwa wamelala hawakuwa na njia ya kujua lolote kati ya hayo.

Mitungi itazidi kuwa mingi. Tanzania imejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ya kupikia, na kwa kaya nyingi za mjini hiyo maana yake ni gesi. Ni lengo jema. Moshi wa kuni na mkaa unaua polepole na kimya. Lakini elimu ya mtungi haina budi kwenda pamoja na mtungi, na leo wanunuzi wengi humaliza biashara dukani bila kuambiwa hata namna ya kukagua mpira kwa povu la sabuni.

Ukisikia harufu ya gesi, usiguse swichi, si kuwasha wala kuzima. Funga vali ya mtungi kama unaifikia salama, fungua milango na madirisha, toa watu, piga simu ukiwa nje na mbali. Usijipe moyo kwamba harufu imeisha, kwani pua huizoea upesi. Kama mtungi umeshashika moto na vali haifikiki, usiuzime mwali: gesi isiyowaka itaendelea kutoka na kutafuta cheche nyingine. Mitungi ya asetilini ya mafundi wa kuchomelea inahitaji tahadhari zaidi, maana ikishapata joto inaweza kulipuka saa nyingi baada ya moto kuzimika. Isisogezwe hadi zimamoto waseme imepoa.

Nambari ya zimamoto Tanzania ni 114. Kenya piga 999 au 112. Wakifika, waambie kabla hawajaingia: mitungi iko mingapi, ya ukubwa gani, iko chumba kipi. Na kama kuna uwanja mtaani kwako ambako gesi inahamishwa usiku kutoka lori hadi mitungi bila kibao wala kibali, peleka taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa au chifu wiki hii, na umtake akuoneshe hatua aliyochukua.