Kabla ya kujaza wageni kwenye veranda ya mbao

Baadhi ya nyumba zinazouzwa Eldoret na viunga vyake, hasa zilizosimama kwenye mteremko, zina veranda ya mbao iliyoinuliwa kutoka ardhini. Upande mmoja umeshikamana na ukuta wa nyumba, wa pili umebebwa na nguzo. Mnunuzi hukagua hati ya ardhi, paa, maji na stima, lakini veranda huiangalia kwa uzuri wake tu. Wiki chache baada ya kuhamia, jamaa wanakuja kuiombea nyumba, au familia inaandaa koito, na watu wote wanajaa hapo kwa wakati mmoja.

Hesabu yake ni rahisi. Watu 20 wenye wastani wa kilo 70 ni kilo 1,400, sawa na mifuko 28 ya saruji ya kilo 50. Wakienea sawasawa, karibu nusu ya mzigo huo huenda kwenye nguzo za mbele. Nusu ya pili, yaani mifuko 14, hutegemea ubao mmoja uliofungwa ukutani. Hapo hata hawajaanza kucheza. Wakiruka kwa mdundo mmoja, viungo hubeba zaidi ya uzito wao.

Ubao huo wa ukutani ndio wa kutazamwa kwanza. Mara nyingi umepigiliwa misumari tu, na msumari ukivutwa kwa urefu wake huchomoka, hasa mbao ikishaanza kuoza. Maji ya mvua nayo hujipenyeza kati ya ubao na ukuta, mahali ambapo jua na upepo havifiki. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na miezi ya Aprili hadi Septemba huwa na mvua nyingi. Pengo kama hilo linaweza kukaa na unyevu kwa muda mrefu huku sakafu ya juu ikionekana kavu na safi, pengine imepakwa vanishi juzi tu kwa ajili ya mnunuzi.

Upya wa jengo pia si kinga. Mnamo 16 Juni 2015, mjini Berkeley, California, roshani ya jengo lililokuwa halijafikisha miaka 10 ilivunjika wakati wa sherehe ya kuzaliwa. Vijana 6 walifariki na 7 wakajeruhiwa. Boriti za mbao zilizotokea ukutani zilikuwa zimeoza kwa unyevu ulionaswa ndani, mahali ambapo hakuna aliyeweza kuona kwa macho.

Ukaguzi wa kwanza hauhitaji zaidi ya tochi na bisibisi, na hufanywa kutoka chini ya veranda, wakati hakuna mtu juu yake. Mbao nzima hukataa ncha ya bisibisi. Iliyooza huipokea kama muhogo uliochemshwa. Mkaguzi aangalie kama kuna bolti zenye nati, au ni vichwa vya misumari pekee. Mwanga ukionekana kati ya ubao na ukuta, ujue ubao umeanza kuachia. Njia za mchwa, kutu inayochuruzika na nguzo zilizofukiwa moja kwa moja kwenye udongo ni dalili nyingine mbaya. Dalili hizi zikipatikana, mlango wa veranda ufungwe kwa kufuli na wageni waandaliwe viti kwenye nyasi hadi kazi ikamilike.

Kuna njia mbili za kuiimarisha. Ya kwanza ni kufunga ubao wa ukutani upya kwa bolti zilizopakwa zinki, zikiwa na washa pana, na kuweka bati lililokunjwa juu yake ili maji yasiingie nyuma. Bolti zishike kwenye jiwe lenyewe au, bora zaidi, kwenye mkanda wa zege unaozunguka nyumba. Zikitobolewa kwenye udongo wa kuunganishia mawe, au kwenye matofali yenye uwazi ndani, hazina maana.

Njia ya pili ni kusimamisha safu nyingine ya nguzo karibu na ukuta, ili veranda ijibebe yenyewe. Kwa nyumba ambayo mnunuzi hajui ukuta wake ulijengwaje, hii ndiyo inayofaa zaidi, ingawa hutumia mbao nyingi na kuhitaji mashimo mapya. Kila nguzo ikae juu ya msingi wa zege, kwenye kiatu cha chuma kinachoiinua kutoka kwa maji. Mbao za mshazari ziongezwe pande zote mbili, la sivyo veranda itayumba. Nguzo ya zamani isitolewe kabla mzigo wake haujapokelewa na jeki.

Mbao za saiprasi au nguzo za mkalitusi zitafaa zikiwa zimetiwa dawa kiwandani, kisha kila mahali palipokatwa papakwe dawa tena. Vipande vinavyobaki, hasa vile vya rangi ya kijani kibichi, visipelekwe jikoni wala kwenye moto wa nyama choma. Dawa inayotumika sana ina arseniki, na huingia kwenye moshi na majivu.

Kazi inayobadilisha nguzo au ukubwa wa veranda ni suala la kibali. Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, anayeanza ujenzi bila idhini ya kaunti anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kifungo kisichozidi miezi 2, au vyote viwili. Mkazi aulize ofisi ya mipango kabla ya kununua mbao, akiwa na michoro iliyoidhinishwa, na atumie fundi aliyetambuliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA. Ambaye bado hajalipa salio la nyumba ana nafasi nzuri zaidi: aombe michoro hiyo kwa muuzaji, na ikiwa veranda haimo, gharama ya kuirekebisha iingie kwenye mazungumzo ya bei.