Fila Geji: Kipimo Chembamba Kilindacho Pampu ya Shamba

Mkulima, ikiwa shamba lako lipo Taveta kando ya mto Lumi, au Challa, au Kimorigo, au ikiwa wavuta maji ya kisima huko Voi, wajua vema ya kuwa mwezi wa Januari na Februari mvua ni haba, na nyanya na vitunguu hutegemea maji ya mfereji au ya pampu. Pampu ikikataa kuwaka kwa muda wa juma moja katika jua lile, mimea iliyokwisha toa maua hunyauka, na kazi ya miezi mingi hupotea. Mara nyingi chanzo cha taabu hiyo si jambo kubwa. Ni nafasi ndogo ndani ya injini ambayo imebana au imepanuka, wala hakuna mtu aliyeipima.

Kifaa cha kupimia nafasi hiyo mafundi hukiita fila geji. Ni vibamba vyembamba vya chuma vilivyoshikwa pamoja upande mmoja, kama kisu cha mfukoni chenye makali mengi. Kila kibamba kina unene wake, na namba ya unene huo imepigwa juu yake.

KWA NINI NAFASI IACHWE

Chuma kikipata joto hurefuka. Waliotandika reli ya zamani ipitayo Voi walijua jambo hili, kwa hiyo waliacha nafasi kati ya kipande cha reli na kipande, ili jua la mchana lisiipinde reli. Ndani ya injini ni vivyo hivyo. Chuma chenye urefu wa milimita 100, kikiongezewa joto la digrii 100, hurefuka kiasi cha milimita 0.12. Kwa macho si kitu, lakini kwa injini ni jambo kubwa.

Vali ni mlango wa silinda. Vali ya hewa huingiza hewa na petroli, na vali ya moshi hutoa moshi. Kati ya shina la vali na roka iisukumayo huachwa nafasi ndogo. Nafasi ikiwa ndogo mno, vali ikipata moto hurefuka na kukosa kufunga sawasawa. Moto hupenya ubavuni, vali huungua, injini hupoteza nguvu na kuwaka kwa shida. Nafasi ikiwa kubwa mno, vali hufunguka kidogo tu, roka hugonga na kupiga kelele, na vyuma huchakaa upesi. Vali ya moshi hupata joto kuliko ya hewa, kwa hiyo mara nyingi hupewa nafasi kubwa zaidi.

Angalia neno moja: kugonga husikika, lakini kubana hakusikiki. Injini iliyo kimya huenda ndiyo inayoungua.

ZIJUE NAMBA

Vibamba hupimwa kwa milimita au kwa sehemu za elfu za inchi. Sehemu moja ya elfu ya inchi ni karibu milimita 0.025. Basi 0.006 ya inchi ni karibu milimita 0.15, na 0.012 ya inchi ni karibu milimita 0.30.

Hapa wengi hukosea. Kibamba chenye alama 0.015 ya inchi si sawa na milimita 0.15. Unene wake ni milimita 0.38, yaani zaidi ya mara mbili. Soma kwanza kama ni inchi au milimita, ndipo usome namba.

Namba ya injini yako imo katika kitabu chake. Kwa mfano, injini ya Honda GX160, ambayo huendesha pampu nyingi ndogo, katika matoleo yake ya zamani hutaka milimita 0.15 kwa vali ya hewa na 0.20 kwa vali ya moshi, injini ikiwa baridi. Plagi yake hutaka milimita 0.7 hadi 0.8. Lakini matoleo ya baadaye ya injini hiyo yana namba nyingine za vali, kwa hiyo usimwige jirani kwa kuwa tu pampu zenu zafanana. Trekta la Massey Ferguson 135 lenye injini ya dizeli ya Perkins ya silinda tatu hutaka milimita 0.30 ikiwa baridi, na 0.25 ikiwa moto. Waona jinsi joto linavyobadili kipimo.

JINSI YA KUCHAGUA

Ukienda dukani Voi au Taveta, usichukue cha kwanza upewacho. Tazama mambo haya:

1. Namba zisomeke wazi. Kilicho bora huandikwa inchi na milimita pamoja.
2. Vibamba vianze unene wa karibu 0.05 na kufika 1.00, ili kifaa kimoja kitoshe kwa vali na kwa plagi.
3. Visiwe na kutu, wala mikunjo, wala kingo zilizoinuka. Kutu huongeza unene na kukudanganya.
4. Vibamba viwe virefu na vyembamba vya kutosha kuingia chini ya roka.
5. Vijaribu. Ukiweka cha 0.10 na cha 0.15 pamoja, vikiwa safi, unene wake uwe sawa na cha 0.25. Fundi mwenye maikromita aweza kukuhakikishia.

Kwa plagi iliyotumika sana, kipimo cha waya wa mviringo hufaa kuliko kibamba, kwa sababu chuma cha plagi hulika na kufanya shimo, na kibamba bapa hupita juu ya shimo lile bila kulipima. Wako watumiao kipande cha kadi au msumeno wa chuma. Hivyo si vipimo.

JINSI YA KUPIMA

Injini na ipoe kabisa. Iliyofanya kazi jioni ipimwe asubuhi. Funga petroli, chomoa waya wa plagi, kisha toa plagi. Fungua kifuniko cha vali. Vuta kamba polepole hata pistoni ifike juu kabisa, vali zote mbili zikiwa zimefungwa. Utajua kwa sababu roka zote mbili zitachezacheza kidogo. Kama moja imekaza, zungusha tena mara moja kamili.

Futa kibamba, kipake mafuta kidogo, ukipitishe katikati ya roka na shina la vali. Kipite kwa kukwaruza kidogo, kama kuvuta karatasi iliyo chini ya kitabu. Kikipita bila kugusa, nafasi ni kubwa. Usikilazimishe, maana kitapinda na hakitafaa tena.

Njia ya hakika ni kutumia vibamba viwili. Kitabu kikisema 0.15, na kuruhusu 0.02 juu au chini, basi cha 0.13 lazima kipite na cha 0.18 lazima kikatae. Kama huna cha 0.13, unganisha 0.08 na 0.05.

Ikiwa kipimo si sawa, legeza nati ya kufungia, rekebisha, kisha kaza. Baada ya kukaza pima tena, kwa kuwa kukaza huweza kuondoa kipimo. Wengi huacha hatua hii, na kazi yote huwa bure.

KUTUNZA

Ukimaliza, futa vibamba, vipake mafuta mepesi na kuvifunga katika kitambaa. Usivitumie kukwangulia gasketi wala kufungulia makopo. Andika katika daftari tarehe uliyopima na nafasi uliyoikuta. Ukiona nafasi ya vali inapungua kila upimapo, vali inaliwa: mwite fundi kabla haijaungua.

Fila geji moja yaweza kutumiwa na majirani kadhaa katika mpango mmoja wa makazi. Nunueni, mjifunze pamoja, na pimeni pampu zenu kabla ya kiangazi, wakati mvua za vuli zingali zinanyesha na shamba halijaanza kulilia maji.